Utando wa bakteria wa utumbo: tofauti zake na jeni zinazozileta

Utando wa bakteria ni tabaka la utelezi ambalo bakteria hulijenga wanaposhikamana juu ya kitu, kama vile ukuta wa bomba, dumu la maji au jiwe la nyongo. Ndani yake bakteria hukingwa na ute wa sukari na protini dhidi ya ukavu, klorini na dawa. Bakteria wa spishi moja hawaujengi kwa kiwango sawa, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo imo katika jeni zao.

Kampala. Jiji hili linaonyesha kwa nini suala hili lina uzito. Wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, kipindupindu kiliwapata maelfu ya wakazi, hasa katika mitaa ya mabondeni yenye msongamano. Kati ya Januari na Juni 2015 ikazuka homa ya matumbo: watu zaidi ya 10,000 walidhaniwa kuugua, na uchunguzi uliihusisha na maji machafu na vinywaji vinavyouzwa mitaani. Bakteria wa magonjwa haya mawili hujenga utando, kila mmoja kwa jeni zake.

Salmonela. Swichi kuu ya ujenzi wa utando ni jeni csgD. Protini yake huamuru utengenezaji wa nyuzi nyembamba za protini na wa selulosi. Maabara huitambua kazi hiyo kwa macho: katika agari yenye rangi nyekundu ya Kongo, kwenye joto la nyuzi 28 hivi, koloni zenye uwezo huo huwa nyekundu, kavu na zenye mikunjo, zisizo nao hubaki laini.

Salmonella Typhi, anayesababisha homa ya matumbo, hana mikunjo hiyo kwa sababu protini yake ya CsgD imekatika mwishoni na kupungukiwa asidi amino 8. Aina mbili za salmonela wasio Typhi, zilizosababisha maambukizi makali kwa watoto wa Malawi, zilifikia hali kama hiyo kwa njia nyingine. Katika D23580, badiliko la herufi ya DNA kwenye promota, sehemu inayotangulia jeni, limepunguza usomaji wa csgD. Katika D7795 limezima kabisa ujenzi wa utando. Mabadiliko hayo yameenea katika koo za Kiafrika za bakteria hao, na mengine yana umri wa miaka 80 hivi. Inadhaniwa kwamba utando huu huwafaa zaidi wanaosubiri nje ya mwili kuliko wanaovamia damu.

Hata hivyo, Typhi hujenga utando wa namna nyingine juu ya mawe ya nyongo, na mtu aliyepona anaweza kuendelea kutoa vimelea kwa miaka.

Vibrio cholerae. Kwa bakteria huyu wa kipindupindu, jeni za vps hutengeneza ute wa utando, na protini HapR huzizuia. Jeni hapR ikiharibika, kama ilivyo katika aina maarufu N16961, kizuizi huondoka na utando huongezeka. Koloni zenye ute mwingi na uso wa kukwaruza hustahimili klorini kuliko zile laini.

Maana yake kwa afya ya umma. Utando dhaifu si dalili ya bakteria mpole, wala kutia dawa kwenye maji hakutoshi ikiwa chombo kina utelezi. Dumu lisuguliwe ndani kwanza, kisha maji yatiwe dawa au yachemshwe.