Mazuku: udongo wa Goma na afya ya watu wake

Katika Goma, Sake na vijiji vya pembeni, kuko neno moja ambalo mtoto analisikia mapema sana, hata mbele ya kuanza shule: mazuku. Mama anamwambia: «Usishuke mule ndani ya shimo asubui, kuko mazuku.» Mchungaji anajua mahali pa kupitisha mbuzi na mahali pa kukwepa. Mgeni akiuliza maana, wanamujibu kwamba ni upepo mubaya, ule unaoua bila kuonekana. Neno hili ni dogo, lakini limebeba historia ndefu ya watu na udongo wanaokaa juu yake. Katika kurasa hizi tunataka kuonyesha namna gani mazingira ya Goma yamejenga na kuharibu afya ya wenyeji, na kwa nini mafundisho ya wazee yangali na kazi.

Tuanze na jambo lenyewe. Mazuku ni hewa ya kaboni (gazi karboniki) inayotoka chini ya ardhi, kwenye nyufa za mawe ya volkano. Hewa hiyo haina rangi, na pua haiisikii. Ni nzito kuliko hewa tunayopumua, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo haipandi juu kama moshi: inalala ndani ya mashimo na mabonde madogo, kama maji ndani ya bakuli. Usiku, wakati upepo umetulia, inajaa. Jua likipanda na upepo wa ziwa ukianza kuvuma, inapunguka. Ndiyo maana saa za hatari ni usiku na asubui mapema. Mahali hewa hiyo inapozidi sehemu 10 kwa mia, mtu anaweza kupoteza akili kwa dakika chache na kufa. Na ndani ya mazuku inazidi hapo mbali sana. Wa kwanza kuanguka ni wale walio karibu na udongo: kuku, imbwa, mbuzi, na mtoto mdogo. Mtu mrefu anaweza kusimama na kupumua vizuri pale ambapo mtoto wake anakufa miguuni pake.

Wazee hawakuwa na vyombo vya kupima. Walikuwa na macho na kumbukumbu. Waliona mizoga ya ndege na panya mahali pamoja, waliona moto unazimika wenyewe, wakaweka alama katika akili na kuwaambia watoto. Pale hapalaliwi. Pale hapachungwi asubui. Pale hapajengwi. Sababu waliyoitoa ilikuwa mara nyingi ya roho. Katika imani ya zamani ya eneo hili, Nyiragongo ilikuwa makao ya roho za waliokufa, na ndani ya moto wake waliteswa wale wasiokuwa na fungu kwa Ryangombe. Mlima wenye moto juu na upepo wa kuua chini, nani angeukaribia bila heshima? Leo tunaweza kukataa sababu yao, lakini sheria yao ilikuwa sawa. Hewa ile ya kaboni inatoka kweli katika tumbo la volkano, na aliyefuata mwiko alipona.

Jambo la pili ni maji. Mgeni anashangaa: mvua inanyesha sana, lakini kati ya Goma na Sake haoni mto. Mawe ya volkano yana matundu. Yanakunywa mvua yote. Basi watu wa kando ya ziwa wanachota ziwani, na bidoni zinapandishwa mjini kwa kichwa, kwa mgongo na kwa chukudu. Watu wa juu, kama wale wa Rusayo, wanakinga mvua kwenye manjanja. Lakini mvua inayopita ndani ya moshi wa volkano inashuka na kitu kingine: asidi inayochoma majani ya maharagi na ndizi, na fluori. Fluori kidogo inasaidia meno. Ikizidi miligramu 1,5 katika litre moja, kipimo kilichowekwa na Shirika la Afya la Dunia, inaharibu meno ya mtoto yanapokuwa yanaumbwa, yanabaki na madoa ya kahawia maisha yote, na kwa miaka mingi inaweza kuumiza hata mifupa. Kijana mwenye meno hayo wanamucheka mjini kwamba hasugui. Kumbe anabeba mlima kinywani mwake.

Jambo la tatu ni moto wenyewe. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto lililokuwa ndani ya Nyiragongo lilipasua mlima na kumwagika kwa muda usiofika saa moja, likafikia watu ambao hawakupata hata nafasi ya kukimbia. Tarehe 17 Januari 2002 moto uliingia katikati ya mji, ukafunika sehemu ya kiwanja cha ndege, ukafika ziwani. Watu zaidi ya mia moja walikufa, na maelfu kwa maelfu walibaki bila nyumba. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, ukasimama upande wa Buhene, kwenye mlango wa mji. Kila mara watu walirudi na kujenga juu ya mawe yaliyokuwa bado na joto, nyumba za mbao, kwa sababu parsele ni parsele. Lakini mawe hayo yanakataa jembe. Kuchimba choo kirefu ni kazi ya wiki nyingi na ya pesa nyingi. Masikini anachimba kifupi, na mvua inapeleka uchafu chini, kuelekea ziwa lile lile wanalochota.

Hapo ndipo tunafika mwaka 1994, ambao hakuna mtu mzima wa Goma anayeweza kuusahau. Katika Julai mwaka ule, kwa siku chache tu, zaidi ya watu nusu milioni walivuka mupaka kutoka Rwanda. Wakawekwa Kibumba, Katale na Mugunga, juu ya mawe meusi. Hapakuwa na udongo wa kuchimba choo, hapakuwa na udongo wa kuchimba kaburi. Kolera ikaingia, ikafuatwa na kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza karibu watu 50.000 walikufa, na maiti zilipangwa kando ya barabara. Watu wengi wameeleza msiba ule kwa vita na siasa, na ni kweli. Lakini jiwe nalo lilikuwa na sehemu yake. Watu wale wale, kwenye udongo mwepesi wenye mito, wasingekufa kwa hesabu ile. Tena wengine walilala upande wa Mugunga bila mtu kuwaambia neno mazuku, na wako ambao hawakuamka.

Tukiangalia vizuri, tunaona kitu kimoja kinajirudia. Anayekufa kwa mazuku mara nyingi ni mgeni, ao mtoto wa mgeni. Mji umekua kuelekea magaribi, Himbi, Kituku, Bulengo, na mashimo ambayo zamani yaliachiwa nyoka sasa yamepimwa na kuuzwa. Muuzaji hasemi. Mnunuzi haulizi, kwa sababu ametoka mbali. Kuanzia 2022 maelfu ya waliokimbia vita walipiga vibanda Bulengo, mahali ambapo wazee hawakutaka mbuzi alale.

Hatusemi kwamba zamani mambo yote yalikuwa mazuri. Mwiko ulikataza, lakini haukufundisha namna ya kuokoa. Mara nyingi mtu alimuona mwenzake ameanguka ndani ya shimo, akaruka kumuinua, naye akaanguka juu yake. Leo tunajua kwamba hairuhusiwi kushuka wala kuinama; anayeweza kufikiwa avutwe kwa kamba kutoka juu. Tunajua pia kwamba klorini kidogo ndani ya bidoni inazuia kolera. Wataalamu wa Observatoire Volcanologique de Goma, iliyoanzishwa 1986, wanapima hewa na kuonya watu. Kazi yao ni kubwa, lakini kibao kinaanguka, na asiyejua kusoma hakisomi.

Kwa hiyo deni liko kwetu sisi wenyeji. Urithi wa wazee wa Bukumu na wa Buhunde si ngoma na mezali peke yake. Ni pia ramani ile isiyoandikwa ya mahali pa kulala na mahali pa kukwepa. Jirani mpya akifika kwenye avenyu, tunamuonyesha soko, kanisa na bomba. Tumuonyeshe shimo pia, na tumuambie jina lake.