Jinsi Kompyuta Ilivyofundishwa Herufi za Watu Wote

Mwalimu wa darasa aandike ubaoni jina Ali mara mbili: kwa herufi za Kirumi, kisha kwa herufi za Kiarabu, ambazo wazee wa pwani waliandikia Kiswahili. Zihesabuni. Kila mara ni herufi tatu.

Kompyuta haijui herufi. Inajua namba tu. Kwake A kubwa ni namba 65. Orodha ya namba hizo ilitolewa Marekani mwaka 1963, ikaitwa ASCII. Ilikuwa na nafasi 128 tu. Kiingereza kilienea humo, na Kiswahili cha herufi za Kirumi pia. Kiarabu na Kichina vilibaki nje.

Katika miaka ya 1970 Dennis Ritchie, wa Bell Labs huko New Jersey, alitunga C, lugha ya kuandikia programu. Waandishi wake walizoea kuihesabu kila herufi kuwa baiti moja, yaani fungu dogo la kumbukumbu ya mashine.

Nchi nyingine zikajitengenezea orodha zao. Namba iliyokuwa herufi hii hapa ikawa herufi nyingine kule, na maandishi yakafika yameharibika. Mwaka 1991 ilitoka orodha moja ya wote, Unicode. Lakini namba zake zilikuwa nyingi mno kwa baiti moja. Ifanyweje?

Septemba 1992, Ken Thompson na Rob Pike walikuwa wakila chakula mkahawani, huko huko New Jersey. Thompson akaandika mpango kwenye karatasi ya kutandika mezani. Mpango huo ndio UTF-8. Herufi za ASCII zilibaki na baiti moja. Nyingine hupata mbili, tatu au nne, na baiti ya kwanza hutangaza idadi, kama kiongozi wa msafara atajavyo watu wake.

Lugha ya C nayo ilipewa aina ya herufi pana mwaka 1989, na amri za kuzisoma mwaka 1995.

Sasa andika Ali kwa Kiarabu katika dirisha la amri la kompyuta. Zinaingia baiti sita. Programu isomayo baiti moja moja itahesabu herufi sita, wala hakuna iliyo sahihi. Programu isomayo herufi pana huzikusanya mbili mbili, ikapata tatu. Ila kwanza ipewe amri iitwayo setlocale, ifuate maandishi ya mwenye mashine. Kwani kila programu ya C huanza na kanuni finyu za zamani.

Jambo hili si dogo. Mtu ambaye jina lake haliandikiki, daftarini hayumo.

Maswali:
1. ASCII ilikuwa na nafasi ngapi?
2. Kwa nini jina la herufi tatu lilileta baiti sita?