Bibi Aliyeolewa Mara Mbili: Nasaba ya Kike ya Wanubi katika Mpaka wa Arua na Koboko

Historia iliyoandikwa ya Wanubi wa Nile Magharibi ni historia ya askari. Huanza na Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Ikweta kuanzia mwaka 1878, ikaendelea na Selim Bey, aliyebaki Kavalli baada ya Emin kuondoka na Stanley mwaka 1889, na kufika kwa Lugard, aliyewaandikisha askari hao mwaka 1891. Askari walikuwa takriban 600, ilhali msafara mzima ulikadiriwa kuwa na watu wapatao 8,000. Wasiokuwa askari, wengi wao wanawake na watoto, waliwazidi askari zaidi ya mara kumi. Makala haya yanajadili namna ya kumfuatilia mwanamke wa kundi hilo, hasa aliyeolewa zaidi ya mara moja.

Ugumu wa kwanza ni mpaka wenyewe. Mwanamke aliyezaliwa karibu na Wadelai mwanzoni mwa miaka ya 1880 alizaliwa chini ya Misri. Mwaka 1894 eneo hilo lilikodishwa kwa Mfalme Leopold wa Pili kama sehemu ya Lado; baada ya kifo chake mwaka 1909 likawa chini ya Sudani, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaingizwa Uganda, mwaka uleule Arua ilipoanzishwa kuwa makao ya wilaya. Hivyo, bila hata kuhama, habari zake zinaweza kutawanyika katika nyaraka za serikali nne.

Ugumu wa pili ni ndoa. Vita, uasi wa 1897 na uhamisho wa vikosi viliwaacha wajane wengi, na mjane wa kambini aliweza kuolewa na askari mwingine. Watoto wa kila ndoa walifuata jina la baba yao. Kizazi cha tatu, wajukuu wa bibi mmoja huonekana katika karatasi kama koo mbili zisizohusiana.

Hata hivyo, sheria ya Kiislamu inatoa nyenzo tatu. Kwanza, mke habadili jina la baba yake. Kwa hiyo “binti fulani” ndilo jina la kufuatilia, si jina la mume. Tahadhari ni kwamba “binti Abdallah” huweza kuashiria kusilimu, wala si lazima liwe jina la mzazi. Pili, eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, au hadi ajifungue akiwa mjamzito. Tarehe ya kifo cha mume wa kwanza huonyesha ndoa ya pili ingeweza kufungwa mapema kiasi gani, na husaidia kuwapanga watoto. Tatu, sheria ya Uganda ya mwaka 1906 kuhusu ndoa na talaka za Waislamu iliweka utaratibu wa usajili.

Pale ambapo karatasi hazikunusurika, hasa baada ya wakazi wengi kukimbilia Sudani na Zaire mnamo 1979 na 1980, lugha hubaki kuwa ushahidi. Mtafiti anayeuliza “baba yako ni nani?” hupata ukoo mmoja. Anayeuliza “ndugu zako wa tumbo moja ni akina nani?” humfikia mama, na kupitia kwake, bibi.

Suala hili si la nasaba pekee. Ibara ya 10 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inamtambua kuwa raia wa kuzaliwa mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mmoja wa wazazi, babu au bibi zake ni wa jamii zilizokuwapo nchini tarehe 1 Februari 1926; Wanubi, Wakakwa na Walugbara wamo katika orodha hiyo. Bibi anatosha kisheria, lakini kwa mkazi wa Koboko, mji ulio karibu na mipaka miwili, bibi asiyethibitika hamsaidii.

Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba fomu za usajili ziulize jina la baba wa bibi kwa pande zote mbili pamoja na ndoa zake zote, na kwamba daftari za ndoa zilizobaki misikitini na maofisini zinakiliwe wakati wazee wanaoweza kuzifafanua wangali hai.