Wafungaji wa Kusikika na Wafungaji wa Kuonekana

Milima ya Usambara ina desturi ya kale ya kuwapambanisha wakubwa ambao hawakupata kuishi zama moja. Mtu akikaa na wazee wa Vuga, Bumbuli au Mlalo na mazungumzo yakafika kwa watawala wa Kilindi, hatakawia kuisikia hoja kama Mbegha, yule mwindaji aliyetoka Ngulu na kuupata utawala kwa nyama ya nguruwe mwitu aliyowagawia watu na kwa simba aliyemuua, alikuwa mkubwa kuliko Kimweri ye Nyumbai, ambaye hata alipofariki mwaka 1862 amri yake ilikuwa imekwisha kutoka milimani na kushuka hadi pwani. Abdallah bin Hemedi bin Ali l-Ajjemy aliyahifadhi masimulizi hayo katika Habari za Wakilindi. Kila akisomaye kitabu hicho kwa insafu huona kwamba mizani haikukaa sawa, kwa kuwa Mbegha hana shahidi wa macho hata mmoja aliyetuachia maandishi, ilhali Kimweri alitembelewa na mmisionari Krapf mwaka 1848 na tena mwaka 1852, kisha mwaka 1857 wakaja wasafiri Burton na Speke, ambao hawakumkuta simba yeyote bali mzee aliyedhoofishwa na maradhi. Aliyesikika amebaki kijana mwenye mkuki mpaka leo. Aliyeonekana amezeeka mbele ya macho ya wageni.

Nimeanza mbali kwa kusudi, kwani dhuluma hiyohiyo ndiyo iliyoingia katika hoja nyingine ipendwayo Lushoto, nayo ni ya washambuliaji wa mpira wa miguu: nani aliyekuwa mkubwa kupita wote, Abdallah Kibadeni au Mbwana Samatta, Sunday Manara au Zamoyoni Mogella, wa zamani au wa sasa? Watu wa Kariakoo wanaweza kuitatua kwa kelele, maadamu baba zao walikuwapo uwanjani. Watu wa milimani hawana faraja hiyo. Mpira ulipanda kwetu kupitia shule za misheni, na chini yetu ulistawi katika mashamba ya mkonge na kandokando ya reli iliyofika Mombo mwaka 1905. Lakini mpira mkubwa, ule wa majina, ulichezwa Dar es Salaam, na sehemu ya jamaa wa Lushoto au Soni katika mpira huo ilikuwa ni sauti tu. Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa macho yao. Televisheni haikuwapo Tanzania Bara hadi mwaka 1994, na kwa hiyo takribani miaka thelathini ya ligi yetu ya taifa, tangu ilipoanza mwaka 1965, imetufikia sisi kwa njia ileile iliyomfikisha Mbegha: mtu kamwambia mtu.

Basi yafaa mabao ya zama hizo yachunguzwe kama zichunguzwavyo habari zilizopokewa, kwa kuuliza yalifungwa dhidi ya nani, wapi, na kwa haja gani.

Tarehe 1 Juni 1968 Yanga iliifunga Sunderland, ambayo mwaka 1971 ilibadili jina ikawa Simba, mabao 5 kwa 0. Maulid Dilunga alifunga mawili, Salehe Zimbwe mawili, na Kitwana Manara moja. (Wapenzi wa Yanga wasiudhike nikikumbusha kwamba watawala wa Vuga waliitwa Simba Mwene karne mbili kabla ya klabu hiyo kufikiri jina.) Nduguye Kitwana, Sunday Manara, aliyepewa jina la Computer wakati ambapo si wengi miongoni mwetu waliopata kuiona mashine hiyo, ndiye aliyefunga bao la ushindi dhidi ya Simba katika dakika za nyongeza pale Nyamagana, Mwanza, tarehe 10 Agosti 1974, baada ya Gibson Sembuli kusawazisha mchezo ukielekea ukingoni, na mwaka uliofuata, katika fainali ya klabu za Afrika Mashariki na Kati iliyochezwa Unguja, wawili haohao ndio waliofunga, Yanga ikashinda 2 kwa 0 dhidi ya Simba. Sunday akaendelea mbele hadi Uholanzi, katika klabu ya Heracles, akiwa wa kwanza miongoni mwa Watanzania kucheza mpira wa kulipwa Ulaya. Ushahidi wa namna hiyo haumhitaji msimulizi hodari, kwa sababu Waholanzi hawakuwa na sababu ya kumpendelea mtu kwa hisani ya redio yetu.

Abdallah Kibadeni, aliyeitwa King, ana daawa ngumu zaidi, nami nataka kukaa nayo kitambo. Tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga Yanga mabao 6 kwa 0. Kibadeni matatu, Jumanne Hassan Masimenti mawili, na moja Selemani Sanga wa Yanga alijifunga mwenyewe. Hakuna siku katika mpira wa Tanzania iliyosimuliwa zaidi ya hiyo, na mtoto wa Lushoto aliyezaliwa miaka ishirini baadaye anaweza kukutajia kwamba bao la kwanza liliingia dakika ya kumi, kana kwamba alikuwa amekaa jukwaani. Lakini wasimulizi aghalabu huanza habari katikati. Yanga iliyofungwa siku ile ilikuwa imetoka katika fitna kubwa ya ndani, fitna iliyoizaa klabu ya Pan African na kuwachukua wengi katika wachezaji wake mashuhuri, hata ikabidi vijana wabebe mzigo wa watu wazima. Je, hilo linampunguza Kibadeni? Kwa maoni yangu linampunguza kidogo, wala halimvunjii heshima. Linampunguza kwa sababu ngome aliyoivunja haikuwa ngome iliyoogopwa miaka mitatu kabla. Halimvunjii heshima kwa sababu timu nyingi hukutana na hasimu dhaifu zikaridhika na mabao mawili, na kufunga la kwanza mapema, kisha kurudi kabla ya mapumziko, na kufunga tena mchezo ukiwa umebakiza dakika moja huku matokeo yamekwisha kuamuliwa, ni tabia ya mtu asiyejua kushiba. Tabia hiyo haikumtoka hata alipoacha kucheza, kwani ndiye aliyekuwa mwalimu wa Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 na kushindwa na Stella ya Abidjan.

Kama mtu angetaka bao moja tu, zito kuliko yote, mimi singelitafuta Kariakoo. Ningekwenda Ndola, Agosti 1979. Taifa Stars ilikuwa imeshinda 1 kwa 0 nyumbani kwa bao la Mohamed Rishard Adolph, na huko Zambia, mbele ya umati uliokuwa na hakika ya ushindi, ilikuwa nyuma kwa bao moja hadi mchezo ulipoelekea mwisho, ndipo Peter Tino aliposawazisha na kuipeleka Tanzania katika fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 1980 mjini Lagos. Mwalimu wa kikosi kile alikuwa Joel Bendera, mtu wa Korogwe, mji ulioko chini ya milima hii, aliyekuja kuwa mbunge wa mji huo. Na pengine ndiyo maana habari ya Ndola husimuliwa kwetu kwa joto la jirani anayesifu kazi ya jirani. Bao lile nalo, kwa walio wengi, halikuonekana. Lakini tofauti na yale ya 1977, halikuhitaji kukuzwa, kwa kuwa nchi ilingoja miaka 39 kabla ya kufika tena katika fainali hizo, na kila mwaka uliopita ulikuwa shahidi mpya kwa Tino.

Miaka ya 1980 ndiyo iliyokuwa ya lakabu. Zamoyoni Mogella wa Simba alikuwa Golden Boy. Makumbi Juma wa Yanga alikuwa Homa ya Jiji. Abeid Mziba, aliyesifika kwa vichwa, alikuwa Tekero. Watangazaji mfano wa Ahmed Jongo na Charles Hilary waliwapa watu hao miili: msikilizaji aliyeketi Magamba, ukungu umefunga hata uwanja wa shule ulio mbele yake hauonekani, alimwona Mogella akipita katikati ya mabeki wawili kwa uwazi ambao hata aliyekuwapo uwanjani, nyuma ya kichwa cha mtu mrefu, hakuupata. Sisemi kwamba watangazaji walidanganya. Walifanya kazi yao kwa ufasaha kupita kiasi, na mfungaji aliyefungiwa bao na mtangazaji fasaha hawezi kulinganishwa kwa haki na yule ambaye kamera humwonyesha mara tano akiikosa nafasi ya wazi.

Hata hivyo, watu wa milimani walipata mwanya mmoja wa kuhukumu kwa macho yao, nao ulikuwa uwanja wa Mkwakwani. Timu kubwa ziliposhuka Tanga kucheza na Coastal Union au African Sports, aliyekuwa na nauli aliteremka kwa barabara ya Soni yenye kona zake zisizokwisha mpaka Mombo, na kutoka huko akafuata njia ya pwani. Mwaka 1988 safari hizo zililipa, kwani Coastal Union, Wagosi wa Kaya, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara, na katika safu yake ya mbele alikuwamo Juma Mgunda, ambaye baadaye aliifundisha klabu hiyohiyo na kisha Simba. Jambo la ajabu ni kwamba washambuliaji hawa, ambao wazee wetu waliwaona kwa macho, husifiwa kwa kiasi: watakuambia fulani alikuwa mzuri lakini alichoka kipindi cha pili. Hakuna aliyepata kukuambia kwamba Kibadeni alichoka.

Mwaka 1999 Mohamed Hussein Mmachinga wa Yanga alifunga mabao 26 katika msimu mmoja. Tangu hapo wamekuja watu wenye mbinu, lishe na viwanja bora: Amissi Tambwe akafikisha 21, Meddie Kagere 23 na msimu uliofuata 22, wala hakuna aliyeifikia hesabu ile. Lakini ukiwataka watu wakutajie watano bora wa nyakati zote, Mmachinga hukumbukwa wa sita. Alikuja wakati mbaya: lakabu za redio zilikuwa zinafifia, na televisheni ilikuwa haijapata nguvu ya kuwafanya watu mashujaa. Nadhani huyu ndiye aliyedhulumiwa kuliko wote katika hoja hii.

Samatta ni kinyume chake, maana kila alichofanya kimeonekana. Mwaka 2015 alikuwa na TP Mazembe walipotwaa Ligi ya Mabingwa Afrika, akafunga katika michezo yote miwili ya fainali dhidi ya USM Alger na kumaliza na mabao 7, akachaguliwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wachezao barani. Katika msimu wa 2018/19 aliifungia Genk mabao 23 katika ligi ya Ubelgiji, na klabu ikawa bingwa. Novemba 2019 akafunga Anfield, na mwanzo wa 2020, akiwa Aston Villa, akafunga Bournemouth na tena Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Hakuna Mtanzania mwingine mwenye hesabu inayokaribia hiyo, wala sioni namna ya kumkalisha chini ya mtu yeyote. Na bado utamsikia mtu, hapa Lushoto, akisema kwamba Samatta ni mzito katika kugeuka. Anasema hivyo kwa kuwa amemwona akigeuka. Kibadeni alisikika tu, na katika sauti hakuna kugeuka kuzito.

Wengine husema wa zamani walipata urahisi wa mabeki wasio na mafunzo, nami sikubaliani nao moja kwa moja. Hadi mwaka 1992 sheria ilimruhusu mlinda mlango kuudaka kwa mikono mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake, hata mshambuliaji aliyewabana walinzi akaambulia kuuona mpira ukifichwa kifuani. Na viwanja vya mikoani havikuwa na nyasi za kumsaidia mtu. Huwezi kupima kwa kilo mahindi yaliyouzwa kwa pishi. Msimu wa 2023/24 Stephane Aziz Ki wa Yanga, ambaye hakuwa hata mshambuliaji wa mwisho bali kiungo, aliongoza ligi kwa mabao 21, na kila moja lilirudiwa katika simu za vijana wa Lushoto kabla refa hajapuliza filimbi ya mwisho. Alibakiza matano kumfikia Mmachinga.