Bepari Kabla ya Azimio

Mwezi uliopita nilikuwa Ngerengere, nikazungumza na wanafunzi wa sekondari juu ya Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotolewa mwaka 1969. Niliwauliza: bepari anayetajwa katika jina hilo ni nani? Wote wakajibu kwa sauti moja: Shylock, mla riba. Kwao jambo lilikuwa wazi, kwani bepari ni mnyonyaji.

Lakini katika jina la Kiingereza la tamthilia hiyo, iliyoandikwa na Shakespeare karibu mwaka 1596, mfanyabiashara ni Antonio, mwenye merikebu. Tena ni mmoja tu. Wingi umetoka kwa Mwalimu.

Nilimgeukia mzee aliyeketi nasi, ambaye ujanani alikata mkonge. "Mzee wangu, zamani bepari alikuwa nani?"

"Mwenye duka, mwanangu. Hata marehemu baba alitamani awe bepari."

Vijana walicheka, lakini mzee alisema kweli. Neno hili lilitujia kutoka lugha za Bara Hindi, na kwa muda mrefu maana yake ilikuwa mfanyabiashara. Kabaila naye alikuwa mtu wa ukoo bora au mwenye cheo. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilipomkataza kiongozi kushiriki jambo lolote la kibepari au la kikabaila, maneno yote mawili yalibeba lawama. Miaka miwili baadaye ikatoka tafsiri ambayo jina lake mzee aliweza kulisoma kwa maana ya kale na kijana kwa maana mpya. Na kwa ule wingi, Antonio na Shylock wakaingia kapu moja.

Waingereza nao wanakutwa na jambo hilo. Kwa Shakespeare, "fond" mara nyingi ni mpumbavu. Leo ni mwenye mapenzi. "Wherefore" ya Juliet huuliza sababu, wala haiulizi mahali. Neno tusilolijua hutupeleka kwenye kamusi. Linalotupoteza ni lile tunalodhani tunalijua.

Nawaandikia hasa ninyi mnaofungua majalada na hotuba za kale. Mkimkuta mtu wa mwaka 1950 ameitwa bepari, ulizeni kwanza neno hilo lilimaanisha nini siku ile. Tusipouliza, tutawatia wafu hatiani kwa makosa ambayo hayakuwa yamepewa jina.