Nyumba Mbili za Ndoa Moja: Nani Huamua Makazi Musoma, Bunda na Butiama?

Mume na mke wanaoishi Musoma mjini kwa mshahara au biashara kwa kawaida hujenga mara mbili. Nyumba ya kwanza husimama Bweri, Nyakato, Kigera, Rwamlimi au Makoko, kwenye kiwanja walichonunua. Ya pili husimama kijijini kwa mume, labda Butiama, Kiabakari, Nyamuswa au Majita, katika ardhi aliyoonyeshwa na baba yake au wazee wa ukoo. Mijadala yetu ya kisheria kuhusu nyumba ya ndoa imejikita katika ile ya kwanza. Makala haya yanadai kwamba usawa wa mume na mke katika kuamua makazi hauwezi kupimwa bila kuzitazama nyumba zote mbili, na kwamba ni ile ya pili, ambayo sheria inaiona kwa shida, inayomwacha mke bila kinga.

Tuanze na mjini, kwa kuwa huko ndiko utafutaji unakofanyika waziwazi. Dalali huwapeleka wanunuzi kwa bodaboda, na maswali huanza kabla ya bei. Je, kiwanja kimepimwa? Kina mgogoro? Barabara itafika? Musoma ni mji wa ziwa na majabali, na vyote viwili vina gharama. Anayepata kiwanja chenye mwamba huokoa mawe ya msingi lakini hulipa kupasua jabali pale anapotaka shimo la choo. Anayevutiwa na upepo wa ufukweni hukutana na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kuzidi kidogo kilele cha 1964, na waliokuwa wamejenga karibu na maji waliielewa sheria hiyo kwa uchungu. Bunda maswali hubadilika. Barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari hupandisha thamani ya kila kiwanja kinachoitazama, ilhali upande wa Kunzugu na Balili familia huuliza juu ya tembo wanaotoka Serengeti kabla ya kuuliza juu ya umeme.

Katika utafutaji huu kuna mgawanyo wa kazi ambao haujapewa uzito unaostahili. Mume huzungumza na dalali na muuzaji; mke huzungumza na majirani. Anayejua kwamba bomba la mtaa hutoa maji usiku wa manane tu ni mwanamke anayeamka kukinga. Anayejua kwamba kiwanja kilishauzwa kwa mtu mwingine ni mama muuza genge aliye kona ya pili, na habari hiyo humfikia mke, si dalali. Kwa hiyo katika kuchagua, mke ana neno, na mara nyingi neno lake ndilo linaloamua. Asemaye kwamba wanawake wa Mara hawashirikishwi katika kutafuta makazi hajafuatana na wanunuzi.

Neno hilo hupungua nguvu linapofika mezani. Ofisini kwa serikali ya mtaa huandikwa hati ya mauziano: jina la muuzaji, jina la mnunuzi, mipaka, kiasi, mashahidi, muhuri. Mara nyingi mnunuzi huandikwa mmoja, naye ni mume. Mke akiwepo hutia sahihi upande wa mashahidi. Ameshuhudia mauziano ya kiwanja alichokitafuta yeye mwenyewe. Wanandoa wengi huliona jambo hili dogo, na hakuna anayekusudia hila siku hiyo. Hata hivyo Sheria ya Ndoa ya 1971, katika kifungu cha 60, inasema kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja hudhaniwa kuwa ni ya huyo mmoja mpaka ithibitishwe vinginevyo, na iliyoandikwa kwa majina ya wote wawili hudhaniwa kuwa na hisa sawa. Mstari mmoja katika karatasi ya mtaa huamua nani, miaka 20 baadaye, atabeba mzigo wa kuthibitisha.

Mzigo huo ni mzito kwa sababu ya namna tunavyojenga. Mikopo ya nyumba ya benki ni ya wachache sana nchini. Wengi hujenga kidogo kidogo. Mwaka huu msingi, mwaka kesho kuta hadi lenta, kisha pagale hukaa likinyeshewa hadi ipatikane fedha ya kupaua. Kila hatua ni uamuzi mpya wa ndoa: tupaue au tulipe ada? Tuhamie kabla ya dari au tuendelee kupanga? Katika miaka hiyo yote pesa za nyumba moja hugawanyika kwa desturi. Za mke huenda kwenye chakula, sare, matibabu na kodi ya chumba walichopanga. Za mume huenda kwenye saruji, nondo na mabati. Za mke huliwa na kuisha. Za mume hugeuka ukuta, na stakabadhi zake zina jina lake. Kama mke asingelisha kaya, mume asingeweza kununua bati hata moja, lakini hakuna duka linalotoa stakabadhi ya jambo hilo.

Historia ya Butiama yenyewe ina mfano mkubwa. Julius Nyerere na Maria Gabriel walifunga ndoa 1953. Mwaka 1955 Nyerere alipoacha ualimu Pugu ili kuitumikia TANU, mshahara ulikoma, na Mama Maria aliendesha duka dogo Dar es Salaam ili familia ile. Siasa iliyoleta uhuru ilisimama kwa sehemu juu ya kazi ya mke ambayo haikuingia katika hesabu za chama chochote. Nawataja wawili hao kwa heshima, na kwa sababu msomaji wa Mara atakubali haraka kuhusu nyumba ya Mwalimu jambo ambalo angelipinga kuhusu nyumba yake.

Mahakama ya Rufani ililikubali jambo hilo mwaka 1983. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa, ingawa mrufani mwenyewe hakuongezewa kitu kwa sababu mahakama iliona alishapewa fedha na kuzitumia vibaya. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 ilikwenda mbele zaidi: kifungu cha 161 kinampa mwanandoa ambaye jina lake halipo haki katika ardhi ikiwa amechangia kwa kazi yake kuiendeleza. Na kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamzuia mwenye jina kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kwa nyumba ya Bweri au Nyakato, basi, mke ana kinga, hata kama itamlazimu kuidai mahakamani.

Hapo ndipo kijiji kinapotuletea shida. Kifungu cha 59 kinalinda nyumba ya ndoa, na kwa tafsiri ya sheria hiyo nyumba ya ndoa ni jengo ambamo mume na mke wanaishi pamoja kwa kawaida. Nyumba ya Kiabakari hawaishi humo. Hulala humo Krismasi, misibani na wakati wa mavuno. Imejengwa kwa fedha za wote wawili, pengine ni kubwa na nzuri kuliko ya mjini kwa sababu mume hataki wenzake wamcheke kwao. Imesimama juu ya ardhi ambayo haina hati yoyote, iliyo mikononi mwa baba mkwe au kaka zake. Mume akifariki, nyumba ya mjini itazungumzwa kwa lugha ya mirathi na mahakama. Ya kijijini itazungumzwa na kikao cha ukoo, na mjane atasikiliza. Uamuzi wa kuijenga pia haukuwa wake. Swali la kijijini huwa moja: lini mtajenga nyumbani? Mwanamume wa Mara asiyejenga kwao huonekana amepotea, na msiba wake utakosa mahali pa kufikia. Mke hulijua shinikizo hilo na hulihurumia. Hujitolea fedha zake kwa nyumba ambayo hakuchagua mahali pake, hakuandikwa popote, wala hatakuwa na uhakika wa kuzeekea humo.

Wapo watakaojibu kwamba hiyo ndiyo mila, na kwamba ardhi ya ukoo haiwezi kuandikwa jina la mtu aliyekuja kwa ndoa. Jibu hilo lina hofu ya kweli ndani yake, nami siidharau: ndoa zinavunjika, wajane huolewa tena, na shamba lenye makaburi ya mababu linaweza kuangukia mikono ya mgeni. Lakini linaisingizia mila. Mila za mkoa huu ni nyingi, na hazikumwacha mwanamke nje ya uamuzi kwa namna tunayodhani. Wakwaya na Waruri wa mwambao walihesabu ukoo na urithi kwa upande wa mama. Hugo Huber alipochapisha kitabu chake juu ya ndoa na familia Bukwaya mwaka 1973, ulimwengu huo ulikuwa bado unakumbukwa. Kwa Waluo, ambao Mara ni kwao pia, mwanamume hawezi kuanzisha mji mpya bila mke. Hutoka kwa baba yake akiwa na mkewe na mwanawe wa kwanza, na moto, shoka na jogoo. Kapera au mgane hana mji wa kuanzisha. Uwepo wa mke ndio unaoyafanya makazi yawe halali.

Mfano wenye nguvu zaidi ni wa Wakurya na baadhi ya majirani zao. Katika boma la wake wengi kila mke ana nyumba yake, na ng'ombe waliotengewa nyumba hiyo ni wa watoto wake. Mume hawezi kuwahamishia nyumba nyingine bila kuibua ugomvi ambao wazee watauamua dhidi yake. Nyumba ya mke ni kitu kizima kiasi kwamba mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe na kuoa mke wa kumzalia warithi, ndoa inayoitwa nyumba ntobhu. Ndoa hiyo ina madhara yake, hasa kwa wasichana maskini wanaoolewa wakiwa wadogo, na siitetei. Ninachokiona ndani yake ni kanuni: mali inaweza kufungwa kwenye nyumba ya mwanamke kwa ajili ya watoto wake bila kutoka nje ya ukoo. Wazee waliokuwa na kanuni hiyo hawakuhitaji kuchagua kati ya haki ya mke na usalama wa ardhi.

Kilichoiharibu kanuni hiyo, kwa maoni yangu, ni dhana ya mkuu wa kaya iliyoingia kwa njia ya ofisi. Serikali ya kikoloni ilimwandika mwanamume kuwa mlipa kodi. Operesheni Vijiji, iliyoufikia mkoa huu 1974, iliwatoa watu kwenye maboma yaliyotawanyika na kuwagawia viwanja, na kiwanja kiliandikwa kwa mkuu wa kaya. Nyumba tatu za wake watatu zikawa kaya moja yenye jina moja. Jambo hili linanisikitisha zaidi kwa sababu Nyerere mwenyewe, katika andiko lake la 1967 juu ya ujamaa vijijini, alikiri kwamba hali ya chini ya mwanamke ilikuwa kasoro ya jamii ya jadi isiyopaswa kuendelea. Utekelezaji uliibeba kasoro hiyo na kuichukua hadi daftarini, mahali ambapo zamani haikuwepo.

Tiba basi haihitaji kuivunja mila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaruhusu hakimiliki ya kimila kutolewa kwa mume na mke kwa pamoja, na kifungu chake cha 20 kinabatilisha desturi inayomnyima mwanamke umiliki, ukaaji au matumizi ya ardhi. Baba anayemwonyesha mwanawe mahali pa kujenga anaweza kwenda naye kwa halmashauri ya kijiji pamoja na mkwewe, na hati ikaandikwa kwa nyumba hiyo: majina ya wawili, kwa sharti kwamba haiuzwi nje ya ukoo bila baraza, na kwamba mjane ana haki ya kukaa maisha yake yote na watoto wake kurithi. Hofu ya wazee inajibiwa na sharti la kwanza. Ya mke inajibiwa na la pili.

Kuna pingamizi jingine ambalo nalichukulia kwa uzito zaidi: majina mawili hayaleti sauti mbili. Mke anaweza kutia sahihi asichokisoma, kama wengi wanavyotia sahihi ridhaa za mikopo benki kwa sababu kukataa kungeleta vita nyumbani. Ni kweli. Lakini ridhaa ya kifungu cha 59 huombwa mwishoni, wakati nyumba inauzwa au kuwekwa rehani, deni likiwa mlangoni na mume akiwa na hasira. Jina la mnunuzi huandikwa mwanzoni, siku ambayo wote wawili wana furaha na muuzaji anasubiri pesa, na siku hiyo kuuliza hakumgharimu mtu kitu.

Nyatwali, Bunda, imeonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Wakazi wa kata hiyo walitakiwa kupisha eneo liungane na Hifadhi ya Serengeti hadi ziwani, kwa fidia. Fidia hutathminiwa kwa mali na hulipwa kwa mtu, na familia iliyoishi kwa makubaliano ya mdomo hulazimika kutamka kwa haraka ni nani mwenye nyumba. Familia inayohama hivyo hurudi sokoni kutafuta makazi mapya, ikiwa na fedha zilizo kwa jina moja. Mwenyekiti wa mtaa wa Bunda au Musoma atakayewapokea na hati ya mauziano mkononi anaweza, kabla ya kuandika chochote kwenye mstari wa mnunuzi, kumgeukia mama aliyekaa kwenye benchi la mashahidi na kumuuliza jina lake kamili.