Misuli inayochoka kumeza na kunde iliyotoka Calabar

Leo siasa naomba tuziweke pembeni kidogo.

Mtaani kwetu kuna mama mmoja ambaye majirani wamekwisha amua kwamba anadeka. Asubuhi anakunywa uji bila taabu. Jioni ukimwekea ugali, matonge mawili matatu ya kwanza yanashuka, la sita linagoma, maji yanamrudia puani na kope moja imelala kama ya mtu mwenye usingizi. Akipumzika, anarudi kuwa mzima. Basi watu wanasema anaigiza, na wengine wameshamtajia mganga. Hospitali walimpa jina: miasthenia gravisi. Mimi kazi yangu ni kuuliza maswali, nikaanza kuchimba.

Kwanza tuelewane kinachotokea. Ukimeza, mishipa ya fahamu inamwaga kemikali iitwayo asetilikolini, inavuka kijinafasi kidogo sana na kunasa kwenye vipokezi vya msuli, kisha msuli unajikunja. Kila ukirudia tendo hilo harakaharaka, kemikali inayomwagwa inapungua kidogo. Mimi na wewe hatuhisi kitu kwa sababu tuna vipokezi vya akiba. Mgonjwa huyu vipokezi vyake vimepungua, kwa hiyo tonge la kwanza linapita na la sita linakwama. Mazoezi ambayo yangemjenga mtu mwingine, yeye yanammaliza hapo hapo.

Sasa cha ajabu ni kwamba jambo hili liliandikwa zamani mno. Mwaka 1672 daktari Mwingereza Thomas Willis alitoa kitabu kwa Kilatini, na ndani yake kuna mwanamke ambaye akizungumza kwa muda mrefu au kwa haraka anapoteza sauti kabisa, na inamchukua saa moja au mbili kuirudisha. Willis hakumwita mwongo. Alihisi kuna kitu kimeharibika katika damu yake, na kwa mtu wa karne ya 17 huko ni kukaribia sana. Halafu kimya. Zikapita zaidi ya miaka 200 hadi Wilhelm Erb, Mjerumani, alipoandika mwaka 1879 kuhusu wagonjwa watatu wenye kope zilizolala, shingo dhaifu na shida ya kutafuna na kumeza. Samuel Goldflam wa Warsaw akaongeza wengine mwaka 1893. Mwaka 1895 Friedrich Jolly, huko Berlin, akaushtua msuli kwa umeme mara nyingi mfululizo na kuuona ukififia mbele ya macho yake. Yeye ndiye aliyeupa ugonjwa jina tunalolitumia.

Kwa maoni yangu, kilichouficha ugonjwa huu ni ratiba ya daktari. Mgonjwa anapimwa asubuhi akiwa amepumzika. Anaambiwa ameze mara moja, anameza, anaonekana mzima.

Jina likapatikana, dawa hakuna. Na hapa ndipo hadithi inaponogea, maana inabidi tuhame Ulaya twende Calabar, kusini mashariki mwa Nigeria ya leo. Waefik walikuwa na kunde yenye sumu waliyoiita esere, na waliitumia kuamulia kesi. Mtuhumiwa anaimeza. Akitapika, hana hatia. Akifa, basi alikuwa na hatia. Wapo wanaoeleza kwamba asiye na wasiwasi aliimeza haraka na tumbo likaikataa, ila mwenye hofu aliinywa kidogo kidogo ikamwingia mwilini. Wazungu walipoichukua Scotland, Robert Christison, profesa wa Edinburgh, aliijaribu mwenyewe mwaka 1855. Alipoona mambo yanaharibika alikunywa maji aliyokuwa amenyolea ndevu ili atapike! Mwaka 1864 wakemia wa Ujerumani waliitenga sumu yenyewe, fizostigmini, ambayo huzuia asetilikolini isivunjwevunjwe. Mwaka 1900 Jacob Pal wa Vienna aligundua kwamba inaondoa ulegevu unaoletwa na kurare, ile sumu ya mishale ya Amerika Kusini.

Ukweli huo ulikaa kwenye majarida miaka 34. Mtu aliyeufanyia kazi alikuwa Mary Walker, mwanamke wa Scotland, daktari wa kawaida tu katika hospitali ya St Alfege's, Greenwich, iliyoanza kama hospitali ya maskini. Bingwa aliyekuwa akiitembelea, Derek Denny-Brown, alimwambia kwamba wagonjwa wa miasthenia wanafanana na watu waliopewa kurare. Walker akafikiri: kama wanafanana, kwa nini tusiwape kinachoitibu kurare? Akamchoma sindano mgonjwa wa miaka 56. Kope ikapanda, mkono ukapata nguvu, kumeza kukawa rahisi. Nguvu ilidumu saa chache tu, ila ilikuwepo. Barua yake ilitoka katika jarida la Lancet mwezi Juni 1934. Yaani kunde ambayo watu walilazimishwa kuimeza ili wahukumiwe, ndiyo iliyomwezesha mtu huyu kumeza tena.

Mwaka uliofuata Walker alitumia dawa ya jamii hiyo hiyo, Prostigmin, ikafanya kazi vizuri zaidi. Vidonge vya leo vya piridostigmini ni wajukuu wake. Wagonjwa wengi humeza kimoja kabla ya chakula ili koo lipate nguvu mezani, na wengine hufanyiwa upasuaji wa kutoa tezi ya thaimasi iliyoko kifuani. Si jambo la kuchezea, kwa sababu misuli ya kupumua nayo inaweza kuchoka.

Chanzo kilithibitishwa kwa sungura. Mwaka 1973 Jim Patrick na Jon Lindstrom waliwadunga vipokezi vilivyotolewa kwa mkunga wa umeme, sungura wakatengeneza kingamwili, kingamwili zikageukia misuli yao wenyewe, wakalegea. Kumbe ni kinga ya mwili inayomshambulia mwenyewe.

Walker aliendelea na kazi katika hospitali za umma London hadi alipostaafu mwaka 1954, akarudi kwao Wigtown. Tuzo ya wakubwa wa taaluma yake ilimfikia miaka ya 1960. Alifariki mwaka 1974, mwaka mmoja baada ya wale sungura.